Taa ya ABS haizimi: nitengeneze, ninunue uniti nyingine, au niing'oe kabisa?

BarafuMbagala:

Wakuu, habari za mihangaiko. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie, maana nimeshachoka na majibu ya neno moja.

Mimi ni fundi friji na viyoyozi, kibanda changu kipo Mbagala Rangi Tatu. Pikipiki yangu ni 650 ya Kijapani, silinda mbili, ya mwaka 2008. Niliinunua miaka mitatu iliyopita kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago Oysterbay. Chapa siitaji. Humu ukitaja chapa tu mada inageuka Simba na Yanga, na mimi nina shida ya breki, kwenye ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu kufunga ukikamata ghafla.

Masika ya mwaka huu nilifanya ujinga. Nafika Jangwani, maji yameanza kupanda barabarani, trafiki hawajafunga njia. Nyuma nina kompresa ya mteja nimeifunga kwa mpira. Nikasema napita. Na kweli nikapita, maji yakiwa juu ya ekseli, injini haikukohoa hata mara moja, nikajiona mwamba. Wiki hiyohiyo nikapata msiba Lindi, pikipiki ikakaa wiki sita chini ya turubai bila mtu kuigusa. Niliporudi nikachaji betri, ikawaka vizuri tu, ila taa ya ABS imegoma kuzima.

Kawaida yake ilikuwa hivi: ukifungua swichi taa inawaka, ukianza kuondoka inazima, na wakati huohuo unasikia "krrr" fupi chini ya siti. Sasa taa inabaki mpaka nafika, na ile krrr sijaisikia tena. Breki zinashika, ila mkono wa breki ya mbele umekuwa laini. Unavutika zaidi ya zamani kabla haujakamata.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema nichomoe betri usiku kucha. Nikachomoa, asubuhi taa ipo palepale. Wa pili hakufungua hata siti, akasema uniti imekufa, mpya ni milioni mbili na laki nane, nimpe nusu aagize. Wa tatu akasema atakata waya wa taa "isikusumbue". Huyo nilimtazama tu. Ni sawa na mteja aniite friji haigandishi, mimi nichomoe balbu ya ndani ili asione nyama inavyoharibika.

Nilichofanya mwenyewe: kuna plagi ndogo chini ya siti, ukiunganisha tundu zake mbili kama kitabu cha ufundi kinavyoelekeza, taa inapepesa kwa kuhesabu. Ikapepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara tano. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema 35 ni mota ya pampu ya ABS. Fyuzi zake zote mbili nzima. Betri ina volti 12.6 ikiwa imetulia, 14.1 injini ikizunguka. Sensa za magurudumu nimezifuta tope.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika wakati breki zinashika. Mwaka jana, Buguruni, mvua inanyesha, lami ina ule utelezi wa dizeli mnaoujua. Daladala mbele yangu ikasimama katikati ya barabara kumchukua abiria, bila taa, bila mkono, bila chochote. Nilikamata breki zote kwa hofu, si kwa akili. Mkono ukaanza kunipiga vidole, tututututu, gurudumu halikufunga, nikasimama konda akiwa ananing'inia mlangoni, uso wake na wangu ungepita mkono mmoja tu katikati. Akaniuliza, "Unaenda Gongo la Mboto?" Tangu siku hiyo hicho kidude nakiheshimu.

Sasa naombeni: mota ya pampu inatengenezeka? Uniti za mtumba zinaaminika? Na kama nikiamua kuitoa, kuna madhara gani?

SpanaKumi:

Mkuu unajitesa. Ng'oa takataka hiyo. Nenda utengenezewe mipira miwili mirefu, mmoja kutoka masta ya mbele (ile pampu ya mafuta ya breki kwenye mkono) mpaka kwenye kalipa inayobana diski, mwingine wa nyuma, umemaliza. Mimi naendesha Boxer mwaka wa kumi na mbili, ABS yangu ni vidole viwili na macho. Vitu vya umeme kwenye breki ni vya kuuza spea tu.

Kobe wa Kimara:

Mwanangu Barafu, umeuliza kama mtu aliyeshika spana. Nitakujibu hivyohivyo.

Uniti ya ABS ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna ubongo, ile sahani ya umeme yenye plagi kubwa. Na kuna bonge la aluminiamu lenye njia za mafuta, vali na mota. Fundi anayesema "uniti imekufa" bila kusema upande gani hajakwambia kitu. Wewe ni fundi friji, solenoidi, vali zinazovutwa na umeme, unazijua. Humo ndani kila gurudumu lina vali mbili. Moja hukaa wazi wakati hakuna umeme, ndiyo mafuta yanapita kwenda kwenye kalipa. Nyingine hukaa imefungwa. Gurudumu likitaka kufunga, ubongo unafunga ya kwanza na kufungua ya pili, mafuta yanakimbilia kwenye kichumba chenye springi, halafu pampu inayarudisha juu kuelekea kwenye masta. Hiyo tututu iliyokupiga vidole Buguruni ni pampu inarudisha mafuta.

Umeona sasa kwa nini breki zako bado zinashika? Umeme ukikatika, njia ya kawaida ipo wazi. Ndiyo maana usikubali mtu akuambie eti utakufa kesho. Utaendesha kama mwenye Boxer, basi.

Hiyo 35 haimaanishi lazima mota imekufa. Inamaanisha ubongo ulitaka mota izunguke, haukuona ikizunguka. Inaweza kuwa umeme haufiki, inaweza kuwa swichi ya ndani ya ubongo, inaweza kuwa mota imekwama. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Pima umeme kwenye waya nene unaotoka kwenye fyuzi ya mota, lakini upime ukiwa umebeba mzigo. Funga balbu ya taa ya mbele pale, wati 55, kisha upime. Waya uliooza ndani unaweza kukuonyesha volti 12 safi bila mzigo, ukiupa kazi unashuka hadi 8. Fanya hivyohivyo upande wa ethi, njia ya umeme kurudi betri kupitia fremu. Baada ya maji ya Jangwani mimi ningeanza na ethi, kwenye ile boliti ya fremu. Ikwangue hadi chuma king'ae.

Ikiwa umeme upo, ipe mota yenyewe volti 12 moja kwa moja, ubongo ukiwa umechomolewa kabisa. Nyingi zinalishwa kwa pini inayopita katikati ya bonge, kwa hiyo utafungua skrubu za ubongo kwanza, zile za kichwa cha nyota. Taratibu, usipinde pini. Ukitoa cheche na mota haizunguki, imekwama. Igonge kwa mpini wa nyundo, si kwa nyundo, huku umeme upo. Burashi zilizoganda huwa zinaachia.

Ikishindikana, fungua mota. Hapa nisikilize vizuri. Nyuma ya mota kuna kichumba chenye beringi iliyokaa upande, ndiyo inasukuma pistoni za pampu. Kichumba hicho kinatakiwa kuwa kikavu. Ukikuta mafuta ya breki, sili za pistoni zimekwisha, mafuta yanavuja kuingia kwenye mota, na uniti hiyo usipoteze nayo muda, tafuta nyingine. Ukikuta kutu na unyevu wa maji tu, una bahati, safisha. Njia za mafuta zenyewe na vali usifungue. Vitundu vyake ni vidogo kuliko kapilari, kile kibomba chembamba cha friji yako.

Kuhusu mkono laini, hilo ni jambo lingine, usilichanganye na la kwanza. Ni hewa, au mafuta yamechoka, au kuna chembe imekaa kwenye ile vali ya pili na haifungi sawasawa, mafuta yanaingia kichumbani kila ukikamata. Jaribu hivi: kamata mkono kwa nguvu uushikilie dakika moja. Ukizama polepole mpaka kwenye mshikio bila tone kuonekana nje, ni vali au masta. Ukisimama palepale ila ni laini kama sponji, ni hewa.

Halafu, mafuta ya breki uliyabadilisha lini?

(Kijana wa Boxer, simkatai. Lakini BMW waliweka ABS kwenye pikipiki yao ya K100 mwaka 1988, mtambo wenyewe ukiwa na uzito wa kilo 11, na watu wakalipa pesa ya ziada kuubeba. Hawakuwa wajinga.)

NyotaTegeta:

Shikamoo mzee Kobe. Kaka Barafu, mimi niliing'oa, kwa hiyo nizungumze na wewe kama mtu aliyelipia somo.

Yangu ilikuwa inavuja kwenye bonge lenyewe, chozi dogo kila asubuhi. Nilitengenezewa mipira ya kusukwa kwa waya, nikaweka washa mpya za shaba, breki zikawa ngumu nzuri, mkono kama jiwe. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Kisha mvua za vuli zikaja. Nilikuwa natoka kazini Mwenge kwenda nyumbani, pale Makongo mbuzi akakatiza, nikakamata mbele kama nilivyozoea, gurudumu likafunga. Sikuumia sana, kiwiko na kioo cha pembeni. Tatizo halikuwa mipira. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kukamata bila kufikiri, na aliyenizoeza hayupo tena. SpanaKumi hajawahi kuwa na ABS, vidole vyake vimejifunza. Vyangu havikujifunza.

Jambo la pili, kama uniti yako haivuji, kwa nini ung'oe? Mzee ameshasema, ikizimika mafuta yanapita. Kuing'oa ni kwa ajili ya iliyopasuka au inayovuja. Ukiitoa leo, kesho ukipata nyingine utaanza upya na mipira, na yale mabomba ya chuma ya zamani yakishapindwa hayarudi.

Na siku ya kuuza, mnunuzi alifungua swichi, akaona taa ya ABS haiwaki kabisa (fundi alikuwa ameitoa balbu, sikujua), akaondoka. Niliiuza kwa hasara.

SpanaKumi:

Dada pole kwa kiwiko. Ila mbuzi wa Makongo hana adabu hata mbele ya ABS 😂 Haya, mimi nasubiri kuona huyo fundi friji atafika wapi.

Mzigo_Gerezani:

Nauza spea za pikipiki kubwa, kwa hiyo chukulieni maneno yangu mkijua hilo. Mtumba upo na utazidi kuwepo. Ulaya tangu 2016 miundo mipya ya pikipiki za zaidi ya cc 125 lazima iwe na ABS, na 2017 ikawa kwa pikipiki zote mpya za ukubwa huo. India wakafuata 2018 na 2019. Zinazogongwa na kuchinjwa huko zinakuja na uniti zake.

Lakini uniti ya mtumba ni kama kununua tikiti maji. Namba iliyochapwa kwenye kibandiko ifanane na yako mpaka herufi ya mwisho. Muundo mmoja, mwaka tofauti, plagi inaingia vizuri kabisa na ubongo unakataa, kwa sababu umepangiwa gurudumu lenye meno tofauti. Kisha tazama midomo ya mafuta. Kama ilikuja imezibwa kwa vifuniko vya plastiki na ndani bado kuna unyevu wa mafuta, nzuri. Kama midomo ipo wazi na imekauka, imekaa kontena miezi na hewa ya bahari, ndani kuna kutu na unga mweupe. Hiyo utaibeba hata kwa elfu hamsini na bado umeibiwa. Mimi binafsi nakubali mteja aje na betri yake, tunaipa mota umeme palepale kwenye meza. Muuzaji akikataa jaribio hilo, aga uondoke.

Ya Barafu ninayo moja, laki sita na nusu. Lakini kwa maelezo ya mzee ningekuwa wewe ningefungua mota kwanza. Biashara nitapata kwa mwingine.

BarafuMbagala:

Wakuu nimerudi, baada ya siku tisa. Mzee Kobe, shikamoo yako ya kwanza ni hii.

Swali la mafuta lilinipa aibu. Sijawahi kubadilisha. Miaka mitatu mimi, na mzungu sijui lini. Nilipofungua kifuniko cha masta yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala. Na mimi ndiye ninayewahubiria wateja Mbagala nzima kwamba adui wa mfumo wowote uliofungwa ni unyevu! Kwenye friji tone la maji linaganda kwenye kapilari na kuziba gesi, linazaa asidi, linakula kompresa. Nikasoma nyuma ya kopo la DOT 4 na kitabu: yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 yanaweza kuchemkia 155. Na yananyonya kutoka hewani, kupitia mipira yenyewe. Kitabu kinasema kila miaka miwili. Nimekaa kimya.

Turudi kwenye mota. Balbu ya wati 55 iliwaka vizuri upande wa umeme, volti 11.9. Upande wa ethi ikawaka kama mshumaa. Boliti ya fremu ilikuwa kijani chote. Nikakwangua, nikapaka grisi, balbu ikawaka vizuri. Nikafurahi, nikarudisha, nikafungua swichi, nikasukuma pikipiki uani... taa ipo, 35 ipo. Kidogo nimpigie simu Mzigo wa Gerezani.

Nikafungua ubongo. Hizo skrubu za nyota, moja ilikuwa imeshaota kutu, imenilia saa nzima na mafuta ya kulainisha. Mota nikaipa umeme wa moja kwa moja: cheche, kimya. Nikaigonga na mpini. Cheche, kimya. Nikaigonga tena, ikasema "krr" moja, nusu duara, ikafa. Majirani walidhani nimepata jenereta, nilivyopiga kelele.

Nikaitoa mota. Kichumba cha beringi kilikuwa na majimaji ya kahawia, kama kijiko cha chai. Roho ikanishuka, nikakumbuka maneno ya mzee. Ila nikajiuliza, haya ni mafuta au ni maji ya Jangwani? Nikachukua tone, nikaliweka kwenye mlango wa friji bovu lililopakwa rangi, pembeni nikaweka tone la mafuta ya zamani kutoka kwenye masta. Asubuhi, la masta limeikunja rangi mpaka inatoka kwa kucha. La kichumbani limekauka, limeacha duara la vumbi jekundu. Maji! Sikuwahi kufurahia kutu namna hiyo.

Burashi moja ilikuwa imeganda kwenye kiota chake, springi inasukuma bure. Kutu na unga wa kaboni vimetengeneza saruji. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki wa mtoto (nimeshanunua mwingine, msimwambie mama yake), shaba nimeisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa, katikati ya vipande nikapitisha mti wa kiberiti kutoa unga. Beringi inazunguka bila sauti. Oringi ya zamani, ile pete ya mpira ya kuziba, ilikuwa imepasuka, nadhani ndipo maji yalipopitia. Nikatafuta ya ukubwa huohuo, na isiyoogopa mafuta ya breki, maana za friji ninazo boksi zima lakini nyingi si za kazi hii. Gerezani nimeipata, elfu mbili. Nikaipa mota umeme kabla ya kufunga: ikazunguka mpaka ikaruka mezani.

Sasa kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki. Hapa nikajifanya mjanja nikitumia pampu yangu ya kuvuta hewa kwenye friji. Niliweka chupa ya kioo katikati ili mafuta yasiingie kwenye pampu, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba ukivuta kwa nguvu, hewa inaingia kupitia nyuzi za nati ndogo ya kwenye kalipa, unaona viputo havikomi, unadhani mfumo una hewa ya maajabu. Nimepoteza nusu lita nikifukuza viputo vya uongo. Nikaacha ujanja, nikamwita kijana wangu, tukafanya ya zamani: kamata, fungua, funga, achia. Lita moja imepita mpaka ikatoka nyeupe kama maji ya dafu.

Mkono ukawa bado si mgumu sana. Nikamkumbuka mzee na kile kichumba chenye springi. Hewa iliyo mle haitoki kwa kukamata tu, mpaka pampu izunguke. Nikaenda Kibada kwenye kiwanja cha changarawe, asubuhi saa kumi na mbili hakuna mtu, kilomita thelathini kwa saa, nikakanyaga ya nyuma mpaka ikapiga tututu chini ya kiatu. Mara sita. Kisha ya mbele, taratibu na kwa hofu, pikipiki ikiwa imenyooka kabisa, mara nne. Nikarudi kibandani nikatoa upepo tena. Vikatoka viputo vidogo kama vya soda kwa sekunde chache, basi. Mkono sasa unakamata mwanzoni kabisa.

Taa inazima. Krrr ipo.

Hesabu: mafuta ya breki lita moja na nusu elfu 36, oringi elfu 2, washa za shaba nane elfu 8, spiriti na msasa elfu 7, mswaki elfu moja. Kwa yule wa milioni mbili na laki nane sijarudi, nikipita pale natazama upande wa pili.

Kobe wa Kimara:

Marahaba mwanangu. Jaribio la tone kwenye rangi sikuwahi kulifikiria, nimeliandika kwenye daftari langu.

Usiimalizie sifa bado. Mota iliyokwishaota kutu inaweza kurudia. Kila Jumamosi itumikishe mara moja kwenye changarawe, hata kwa breki ya nyuma tu, burashi zisikae mahali pamoja. Na boliti za mipira umezikaza kwa spana ya kipimo au kwa hisia?

BarafuMbagala:

Kwa kipimo, mzee. Kitabu changu kinasema Nm 23, spana nimeazima kwa fundi wa magari. Zimekaa siku tatu na karatasi nyeupe chini, hakuna tone.

Kitu kimoja: jana nikiwa barabara ya Mandela taa iliwaka tena. Nikaona giza. Kumbe safari hii inapepesa namba nyingine, ya sensa ya nyuma. Nilipoitoa ilikuwa na kipande cha chuma kimeng'ang'ania kwenye sumaku yake, ndevu za chuma kabisa, sijui za breki pedi. Nimefuta, imezima. Nitaangalia wiki nzima, nikiona imerudi nitafungua uzi mwingine.

SpanaKumi:

Nimesoma yote. Sijabadilisha msimamo, ila leo nimezikagua breki za Boxer yangu. Tuyaache.

NyotaTegeta:

Hongera kaka. Sasa kwa kuwa tumekujua, mimi nina friji ya milango miwili, juu inagandisha kupita kiasi, chini maziwa yanachachuka. Fundi wa huku anasema nibadilishe kompresa, laki tatu na nusu.

BarafuMbagala:

Dada, usimpe hata mia. Feni ya ndani inazunguka? Bonyeza swichi ya mlango wa juu kwa kidole usikilize. Kama kimya, au kama barafu imejaa nyuma ya lile bati na kuizuia, baridi haishuki chini na kompresa haina kosa. Izime, uiache wazi siku nzima iyeyuke yenyewe. Nitapita Jumamosi nikitoka Kibada. Tafadhali, usigonge hiyo barafu kwa kisu.